Picha ya Mume na Picha ya Mke

Salem bin Nasser alikubali kupigwa picha ya kifua kwa sharti moja: na mkewe apigwe.

"Wewe ndo unojidai mzima," alimwambia Hasina, jivu la sigara likimdondokea kanzuni. "Basi twende sote wawili, tukaone nani mbovu."

Ilikuwa mwisho wa mwaka 2003, Ramadhani imepita, na Salem alikuwa amekohoa mwezi mzima mpaka majirani wa ghorofa ya juu wakawa wanauliza hali yake. Hasina alikuwa amechoshwa na kikohozi kile, na mwenye kikohozi alimchosha zaidi. Tangu waowane, yeye akiwa msichana aliyetoka Unguja juzi kuja nchi ya Waarabu na Salem karani mpya wa wizara, mume huyu alivuta kitandani, alivuta mezani na sahani hazijaondolewa, alivuta ndani ya gari vioo vimefungwa kwa ajili ya AC. Hasina akishusha kioo, Salem humwambia joto linaingia. Akilalamika, huambiwa arudi kwao. Watoto walikua katika moshi ule, wakaoa na kuolewa, akabaki wa mwisho, Nasriya, aliyekuwa akifanya kazi benki na kulala chumba cha nyuma, mlango kaufunga na kitambaa kakibana chini yake.

Basi walikwenda wote wawili kwenye zahanati ya binafsi kule Ruwi, wakapigwa picha, wakarudi nyumbani Al Khuwair bila ya kusemezana. Majibu alikwenda kuyachukua Salem peke yake. Alirudi anapiga mluzi.

"Safi!" alisema, akaitoa picha yake kwenye bahasha na kuiegemeza kwenye kioo cha dirisha. "Tazama. Mapafu ya kijana. Na we unanipigia kelele usiku na mchana."

"Na yangu?"

"Yako haina kitu."

Hasina alimwamini. Kwa nini asimwamini? Mtu anaweza kumchukia mumewe kwa mambo mengi na bado asifikirie kwamba atamdanganya juu ya jambo kama lile. Kwa wiki nyingi baada ya hapo Salem aliitoa picha yake kila alipopata mgeni, wakaitazama dirishani na vikombe vya kahawa mkononi, naye anawaonesha kwa ncha ya sigara: huku pafu la kulia, huku la kushoto, huku moyo. Wageni wakicheka. Hasina akiondoa vikombe.

Siku moja asubuhi, Salem kaenda kazini, simu ililia. Mwanamke wa zahanati, kwa Kiarabu chenye lafudhi ya Kihindi, aliuliza kama pale ndipo kwa Hasina, na mbona mgonjwa hajarudi. Daktari alimwambia mumewe amlete upesi. Kuna doa kwenye pafu la kulia, juu, pembeni. Inahitajika picha nyingine, kubwa zaidi. Mume hakumwambia?

Hasina alisema mume amemwambia. Hakujua kwa nini alimsitiri Salem mbele ya mtu asiyemjua. Akaweka simu, akakaa sakafuni palepale kwenye ukumbi, na mkono akauweka kifuani upande wa kulia, pahala pasipouma hata kidogo.

Salem aliporudi mchana alikuta chakula hakijaandaliwa. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya jiko.

"Zahanati wamepiga simu."

Salem hakuuliza zahanati gani. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya friji taratibu.

"Ulinambia yangu haina kitu."

"Nilitaka nikutie wahka wa bure? Kidoa tu. Kila mtu mzima ana kidoa."

"Walikwambia unirejeshe upesi. Zaidi ya mwezi sasa, Salem. Zaidi ya mwezi unawaonesha watu picha yako dirishani, na yangu umeificha."

"Kwa sababu nakujua!" Salem aliinua sauti. "Wangekwambia jambo dogo tu, ungesema ni sigara zangu. Miaka yote unangojea hilo. Unalitamani! Ungelikwenda nyumba kwa nyumba, Salem kaniua, Salem kaniua."

Hasina alimtazama mpaka Salem akageuka. Tangu siku ile hakumpakulia tena chakula. Akipika, anapika, sufuria iko pale, sahani ziko pale, mwenye njaa ana mikono.

Nasriya ndiye aliyempeleka hospitali kubwa ya serikali. Huko daktari wa kifua alikuwa Mkenya, Daktari Rufus, mtu mrefu mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kikavu, kisicho na maneno ya kubembeleza. Hasina alishukuru hilo. Walimpitisha kwenye mashine ya CT ya kupiga picha za ndani ya mwili, wakamtia sindano ndefu ubavuni kuchukua kinyama cha kupima, wakampiga picha za kichwa na za mifupa. Siku ya majibu Daktari Rufus alimtaka Nasriya aingie pia, lakini alizungumza akimtazama Hasina.

"Mama, ni saratani. Sitaki kukuzungusha."

Nasriya alianza kulia. Hasina alimwambia anyamaze asikie.

"Lakini saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja," aliendelea daktari. "Kuna makundi mawili makubwa. Kuna ile ya chembe, yaani seli, ndogo. Hiyo ina mbio, karibu kila anayeipata ni mvutaji, na tukiigundua mara nyingi imeshasambaa. Halafu kuna kundi lingine, ambalo chembe zake si ndogo, na mwendo wake kwa kawaida ni wa polepole kuliko ile. Yako ni ya kundi hilo. Imeanzia kwenye chembe zinazotoa ute, pembezoni mwa pafu. Hii hata mtu asiyevuta anaipata, na wanawake wasiovuta wakipata saratani ya mapafu, mara nyingi inakuwa hii."

"Sijapata kutia sigara mdomoni mwangu."

"Nimekuamini."

"Basi ni za mume wangu."

Daktari Rufus alijibu polepole. "Kuishi na moshi wa mtu mwingine kunaongeza hatari. Hilo linajulikana. Lakini kusema uvimbe huu, huu wako, umetoka kwenye sigara zake, hapo siwezi. Wako wanaoupata na nyumbani kwao hakuna anayevuta."

Hasina alimkasirikia hata yeye. Alikuwa amekuja kutafuta hukumu, na mtu huyu mwenye koti jeupe alikuwa akimpa mizani tu.

"Sasa tunatafuta imefika wapi," daktari alisema. "Ndiyo tunayoita hatua. Ya kwanza, imekaa ilipozaliwa. Ya pili, imeingia kwenye tezi za jirani, pale kwenye shina la pafu. Ya tatu, imefika tezi za katikati ya kifua. Ya nne, imetoka nje kabisa, imekwenda ini, mifupa, ubongo. Kwa picha hizi, yako inaonekana ni ya kwanza. Ina upana kama wa ukucha wa kidole gumba. Tunaweza kuikata. Lakini picha haioni kila kitu. Tukishafungua ndipo tutajua kweli."

Habari haikuchukua muda kufika Matrah, kwa Mahbuba, dada mkubwa wa Salem, mjane aliyekuwa na nyumba ndani ya vichochoro nyuma ya soko. Alikuja amejifukiza udi, akakaa kwenye kochi la katikati, akamtazama wifi yake kutoka kichwani hadi miguuni.

"Salem kavuta tangu yuko skuli, mzima kama chuma," alisema. "Wewe huvuti, umepata. Ajabu hii, sio? Siku hizi wanawake wana mambo yao ya siri, ati. Na shisha nayo imeingia mpaka majumbani."

"Sema unalotaka kusema, Mahbuba."

"Mie sina la kusema. Nnasema tu Mungu ndo anojua. Au udi. Kila Ijumaa chetezo hakizimi humu ndani. Moshi ni moshi."

"Udi unaunukia hata wewe hivi sasa," alisema Hasina. "Toka nyumbani kwangu."

"Kwako?" Salem alikuwa mlangoni. "Nyumba hii ya nani? Dada yangu hatoki."

Hakutoka. Alikaa mpaka magharibi, akanywa kahawa aliyojimiminia mwenyewe, na kaka na dada wakazungumza juu ya watu waliougua kwa sababu ya udi kama kwamba Hasina hayumo chumbani.

Walimpasua mwezi wa Machi. Waliondoa sehemu ya juu ya pafu la kulia, na Hasina alipozinduka alihisi kama mtu amesimama juu ya ubavu wake na hataki kushuka. Salem alikuja mara moja, akasimama miguuni pa kitanda ananuka sigara, muuguzi akamwomba atoke nje. Hasina akafurahi kwamba aliyemfukuza ni mtu mwingine.

Majibu ya maabara yalipotoka, Daktari Rufus alivuta kiti.

"Uvimbe umetoka wote. Lakini kwenye shina la pafu tumekuta kitezi kimoja kina chembe zake. Kwa hiyo si hatua ya kwanza. Ni ya pili. Bado ni ya kutibika, lakini sasa nataka upate na dawa za mshipani."

Hasina aliuliza swali lililomkaa rohoni tangu siku ya simu.

"Nimechelewa zaidi ya mwezi kwa sababu nimefichwa. Lau ningelikuja siku ileile, kitezi hiki kingelikuwa safi?"

"Pengine. Pengine kilikuwa kimeshaingia miezi mingi kabla. Hakuna anayeweza kukwambia, mama, na atakayekwambia anajua anakudanganya."

Alipewa dawa za mshipani muda wa miezi. Alitapika mpaka hakuna cha kutoka, nywele zikamtoka zikabaki kwenye mto, vidole vikafa ganzi. Katika miezi hiyo alihamia chumba cha Nasriya. Vibweta vya majivu ya sigara vilivyokuwa kila meza alivikusanya kwenye mfuko wa taka, akampelekea Salem sebuleni, akamwambia avutie ngazini. Salem alivuta palepale mbele yake. Alimpulizia moshi kwa makusudi? Hasina aliapa kwamba ndiyo. Salem baadaye aliapa kwamba siyo, upepo wa AC.

"Mie picha yangu safi," alisema. "Ninyi wenye picha chafu ndo mjilinde."

Hasina alimpelekea Daktari Rufus maneno hayo, kwa hasira, kama mtu anayeshitaki. Daktari alitikisa kichwa.

"Picha safi si cheti. Uvimbe unaweza kujificha nyuma ya moyo, au ukawa mdogo usionekane, au ukaanza kesho yake. Zimefanywa tafiti za kuwapiga wavutaji picha za kifua mara kwa mara, na hazikuonekana kupunguza vifo. Sasa huko nje wanajaribu kuwapima kila mwaka kwa CT ya mionzi kidogo. Majibu bado. Mwambie aache. Kwa leo sina kipimo cha kumpa kilicho bora kuliko hicho."

Alimwambia. Salem alijibu kwamba Mkenya huyo akaombe kazi ya uimamu.

Ulipita mwaka na nusu wa namna hiyo. Waliishi nyumba moja kama wapangaji waliogombana: anayetoka msalani hamsemeshi anayeingia. Nywele za Hasina ziliota, zikaja na mawimbi ambayo hakuwa nayo zamani. Kila baada ya miezi kadhaa alipigwa CT, ikawa safi, na hakuitundika dirishani.

Mwisho wa mwaka 2005 sauti ya Salem ilikwama. Mwanzo ilikuwa kama mafua. Kisha ikawa ya kukwaruza, kama mtu anayenong'ona kwa nguvu. Asubuhi uso wake ulikuwa umevimba, na mishipa ya shingo imesimama. Hasina aliona. Alikuwa ameshakaa na wagonjwa wa kifua katika chumba cha dawa, akajua anachokiona kinafanana na nini, na hakusema kitu siku ile wala ya pili. Siku ya tatu alimwambia Nasriya, mbele ya Salem, "Mpeleke baba yako hospitali." Salem akamtukana kwa sauti isiyotoka.

Ilikuwa ile nyingine, ya chembe ndogo. Nasriya alirudi na maelezo, akayatoa kama anayetema: hii imekaa katikati ya kifua, imebana mshipa mkubwa unaoteremsha damu kutoka kichwani. Madaktari kwa kawaida hawaigawi hatua nne kama ya mama. Wanauliza jambo moja tu, kama bado imo upande mmoja wa kifua au imeshatoka. Ya baba ilikuwa imeshatoka. Ilikuwa kwenye ini.

"Kwa hiyo hawapasui?" aliuliza Hasina.

"Hawapasui. Watampa dawa, labda itasinyaa kwa muda. Baba kamgombeza Daktari Rufus. Anasema alikuwa na picha safi. Daktari akamwambia, ilikuwa safi siku ile."

Hasina alitarajia kwamba siku hiyo ikifika atahisi kitu kikubwa, ama huruma ama raha. Hakuhisi hata kimoja. Alihisi uchovu, na chini ya uchovu hasira ileile, haijapungua hata chembe.

Mahbuba alikuja na teksi na wajomba zao wawili kumchukua ndugu yake.

"Kwa mkewe atakufa na njaa," aliwaambia watu kwenye ngazi, kwa sauti ya kusikika ghorofa zote. "Na jicho lake ndilo lililomla. Miaka miwili anamtazama hivi!" Akawaonesha alivyotazamwa.

Hasina alisimama mlangoni, akawaachia njia. Alikuwa amempangia Salem nguo zake kwenye begi, zimepigwa pasi zote. Nasriya aliona hilo akataka kusema neno. Mama yake akamkata kwa macho.

Dawa zilimsaidia Salem miezi michache. Uso ukapungua, sauti ikarudi nusu. Kisha ugonjwa ukageuka, ukarudi kwa kasi, akarudishwa wodini. Wakati joto la kiangazi limeshapanda, Hasina alikwenda kumwona. Mahbuba alikuwa pembeni ya kitanda anampepea kwa pepeo ingawa chumba kilikuwa na baridi ya AC.

"Mtoe," Hasina alimwambia Salem. "Nna neno na wewe."

Salem aliinua kidole, Mahbuba akatoka akibamiza mlango.

"Umekuja kunicheka," alisema Salem. Alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Sikuja kukucheka. Nimekuja kukuuliza. Siku uliyopewa picha zetu kule Ruwi, yako safi na yangu ina doa. Ulifikiri nini?"

Hasina alidhani atasema hakufikiri kitu, au atasema aliogopa. Salem alitazama dari, akivuta pumzi fupifupi.

"Nilifurahi," alisema.

"Ulifurahi?"

"Kwamba si mimi. Nilikwenda pale na hofu, Hasina. Nilijua ni mimi. Daktari aliponambia ni wewe, nilifurahi. Ndo maana sikuweza kukwambia. Ungeliniona usoni."

Maisha yao yote Hasina alikuwa akimdai mtu huyu ukweli. Sasa ameupata, na ulikuwa mbaya kuliko uongo.

"Nisamehe," alisema Salem.

"La," alisema Hasina. "Siwezi. Nikisema nimesamehe nitakuwa nnasema uongo, nawe umeshanichosha na uongo."

Akamrekebishia mto, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeteleza, akatoka. Kwenye ukumbi Mahbuba alimwita muuaji. Hasina hakusimama.

Salem alikufa kabla ya wiki kwisha. Hasina akakaa eda katika nyumba ya Al Khuwair, na Mahbuba akahamia pale na wanawake wengine wa ukoo, ati kumliwaza mfiwa. Alilala chumba cha Salem na akahesabu kila mtu anayeingia.

Siku ya CT ya Hasina iliangukia ndani ya eda. Asubuhi hiyo alijifunika vizuri, Nasriya akawa chini na gari linaunguruma. Mahbuba alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili kwenye fremu.

"Mwenye eda hatoki."

"Kwa dharura anatoka. Uliza sheikh yeyote."

"Dharura gani? Unakula, unatembea. Ndugu yangu udongo wake haujakauka, unataka kwenda kutembezwa na gari!"

"Nakwenda kupimwa saratani, Mahbuba. Ileile uliyosema nimeipata kwa siri zangu."

"Umemuua kwa inda, sasa unaharakia kuishi."

Hasina alimsogelea mpaka wakawa wananusiana pumzi.

"Ndiyo," alisema. "Naharakia kuishi. Ondoa mkono."

Mahbuba hakuondoa. Hasina aliushika ule mkono kwa kifundo, akauondoa mwenyewe kwenye fremu, akapita. Ubavu wake wa kovu ulimuuma ngazi zote.

Picha ilikuwa safi. Daktari Rufus alimwambia wataendelea kumfuatilia mpaka itimie miaka mitano tangu alipopasuliwa, na hata baada ya hapo hatapenda kutumia neno amepona, lakini kwa leo hakuna kitu. Akampa pole ya mumewe. Hasina aliipokea, kwa kuwa ilikuwa ni wajibu kuipokea.

Aliporudi nyumba ilikuwa tupu. Mahbuba alikuwa ameondoka na wanawake wote, na Matrah nzima ikapata habari kwamba mke wa Salem amevunja eda. Hasina alimaliza eda yake peke yake na Nasriya, siku zote zilizosalia, bila ya kupunguza hata moja.

Mwaka 2009 Nasriya aliolewa. Mahbuba alikuja harusini kwa ajili ya damu ya ndugu yake, akaketi kwenye safu ya mbele. Hasina, ile miaka mitano ya daktari imeshampita, alizunguka ukumbini akiwapa wageni mkono mmoja mmoja. Alipofika kwa Mahbuba, Mahbuba aliiweka mikono yake mapajani na kuangalia jukwaa. Hasina naye hakuutoa wake. Akasogea kwa mgeni wa pili, akamuuliza habari za nyumbani.